Gauni la Dada na Wageni wa Namtumbo

Nakiri mapema ili mcheke mmalize: mimi ndiye niliyevaa gauni la njano la dada Zawadi na wigi lake la kanisani, nikaegemeza simu kwenye ndoo, nikatikisa mabega uani kwetu Majengo kama kuku aliyemwagiwa maji, na kwa kuwa niliogopa wenzangu wa Kidato cha Tatu wangenitambua (mwanaume nina heshima yangu), nikaipa kamera mgongo, nikarusha mtandaoni.

Kufika Jumapili video imeshatua hadi Tunduru, mimi natembea kifua mbele, sijui kwamba njiani imepitia Namtumbo, kwa kina shemeji, ambao barua yao ya posa tulikuwa nayo na siku hiyohiyo walikuwa wanakuja kuchukua jibu.

Mshenga wao, mzee mwenye kofia aliyefika na wenzake wanne, alikataa hata soda. Akatoa simu.

"Mama, gauni hili la nani?"

"La Zawadi," mama akajibu.

"Basi. Sisi hatuoi binti wa mtandaoni. Hana haya!"

Dada, aliyemsubiri kijana wao miaka miwili, akaanza kulia. Nikakimbilia chumbani, nikatoka nimevaa gauni, wigi limekaa upande, miguu yenye vinyweleo nje, nikatikisa mabega mbele ya wazee watano (shikamoo nilisahau).

Mshenga akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Kumbe dume! Jamani, huyu ana kipaji! Rudia, mwanangu, nikurekodi!" Nikarudia mara tatu, soda zikafunguliwa, nikajiona shujaa aliyeokoa ndoa.

Dada akafuta macho. "Mzee, na ingekuwa ni mimi kweli?"

"Aa, binti, wewe ni mwanamke. Hilo jambo lingine."

Dada akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Mama akamfuata. Wageni wakangoja, wakakohoa, mwishowe wakaaga kwamba wanawahi gari, jibu litawakuta.

Mama alipotoka, mkononi ana barua ya posa. Mimi nilikuwa naapa kwa sauti kwamba sitagusa tena nguo ya mtu wala kamera, huku nalivua wigi.

"Usivue," mama akasema. "Wakimbilie stendi hivyohivyo, uwape barua yao. Waambie binti wa kuolewa hatuna. Mcheza video tunaye, ila bado anasoma."