Nishati Isiyo na Chanzo

Mama alipovunjika nyonga nilirudi Kirongwe kumuuguza, kazi yangu nikaja nayo kwenye kompyuta ya mkononi. Nilikuwa katika timu iliyoandika programu ya kuiga mwenendo wa plazma, yaani gesi iliyopashwa moto hadi chembe zake zikapasuka vipande vyenye umeme. Hesabu zenyewe zilifanyika kwenye kompyuta kubwa ng'ambo. Mimi niliziendesha nikiwa barazani, mahali pekee mtandao uliposhika.

Awali prosesa zote, yaani bongo za kompyuta ile, zilikwenda hatua moja, zilizomaliza mapema zikikaa kuisubiri iliyochelewa. Nikazigawa hesabu kuwa vijikazi vingi, kila kimoja kianze mara tu matokeo kinayoyahitaji yakiwa tayari. Programu ikawa na mbio ajabu. Kiongozi wetu, mtu mzima aliyekuwa Dar es Salaam, alifurahi hata akaanza kuniita mwanangu.

Kisha nikaona kwenye matokeo nishati ya plazma inapanda, bila chochote cha kuipandisha. Baada ya kuhangaika sana nikagundua vijikazi viwili vinaandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, kimoja kikifuta cha mwenzake. Nikavilazimisha vipokezane. Nishati ikatulia, lakini zile mbio karibu zote zikapotea.

Nikampigia kiongozi. Alinisikiliza hadi mwisho, akajibu kwa upole.

"Kwenye makala yetu tumia yale matokeo ya mwanzo, ya mbio. Grafu ya nishati ikate kabla haijaanza kupanda."

"Lakini yale si kweli."

"Nani atauliza, mwanangu?"

Lile neno mwanangu lilinitia kinyaa, kama niliyetafuna korosho iliyooza. Mama, ambaye kiongozi hakuacha kumtumia salamu, alinisihi nivumilie nilipomsimulia. Yule ni mkubwa wako, alisema. Nilimwitikia tu, nikamgeuza ubavu, nikarudi barazani.

Niliwaandikia wenzangu wote, nikaambatanisha grafu nzima, nikaomba jina langu litolewe kwenye makala. Mmoja tu alijibu, kwa siri. Alisema kasoro ile aliiona kabla yangu, akanisifu kwa ujasiri. Huyo alinichefua kuliko kiongozi.

Makala ilitoka na grafu iliyokatwa. Jina langu halikuwa miongoni mwa waandishi. Walikuwa wamelishusha chini kabisa, wakinishukuru kwa msaada mkubwa. Nilisoma mstari ule, nikaenda uani kunawa uso.