Benchi Mbele ya Bomba

Sogea nikusimulie, ila ucheke polepole, maana aibu hii bado inaniuma.

Mimi ni fundi bomba. Nahangaika Tunduma, mke wangu na watoto wako nyumbani Ikinga, na kijiji kiliponiita nikajenge bomba la kuchotea maji nilimwahidi mke wangu kwamba sasa mgongo wake utapona, hatapanda tena ule mteremko wa mtoni na ndoo kichwani. Nikachora, nikawapelekea wazee (akina mama walikuwa mtoni, nikasema hao nitawaambia baadaye), wazee wakasema, "Fundi, tuwekee na benchi hapo mbele, tuwe tunapumzika." Nikajenga benchi la saruji, nikalipaka na rangi.

Siku ya kufungua wazee wakajaa kwenye benchi, baba yangu katikati, nami na kipaza sauti changu nikamwita mke wangu achote ndoo ya kwanza. Nikaita tena, "Mama Atu, njoo, maji hayang'ati." Akatokeza, akamwona baba, akajifunika kitenge usoni, akageuka kwa haraka, akajikwaa kwenye ngazi mpya niliyoijenga bombani na kuanguka mbele ya kijiji kizima.

Kwetu Ikinga, kama kote Undali, mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Nalijua hilo tangu utotoni (mlango wa nyuma anaopitia mke wangu baba akija, niliuweka mimi). Baba akainamia fimbo yake, hakuweza hata kumwinua.

Mama mmoja akasema kutoka nyuma, "Fundi, chota wewe. Hao wote hapo ni wakwe zetu."

Nikachota, nikajitwika, na maji yakanimwagikia hadi viatuni huku watu wakicheka.

Kesho yake niliwaomba wazee tulihamishe benchi. Mmoja akanijibu, "Sisi tuliomba tukapewa. Wao waliomba nini?" Basi benchi liko palepale, wazee wanakunywa maji safi, wake zetu wanakwenda mtoni.

Mke wangu alisema mara moja tu: "Kijiji kisiponiuliza, sawa. Lakini mimi na wewe tunakula sahani moja, na hukuniuliza." Kisha akachukua ndoo, akashuka mteremko.

Wewe ukipewa kazi kama yangu, usianze kuchora. Nenda mtoni asubuhi, wakute wanaochota, uwaulize watapita wapi na nani hatakiwi kukaa hapo, kisha ukae kimya uwasikilize mpaka wamalize.