Mtu Asiye na Kichwa Pale Kasenga

Sisi wa Kenya, mtaa wetu huu na si ile nchi, tunajua picha ya sebuleni haitundikwi ili inyamaze. Mgeni akiketi atauliza, na mwenye nyumba lazima aieleze hata chakula kipoe. Mwelwa analijua hilo kuliko sote, maana kuchora ndiyo kazi yake. Ila tangu wageni wa hoteli waanze kupenda ramani za Wazungu wa kale, zile za Afrika yenye majina tele pwani na katikati peupe, alichora hizo tu, akaanza kujiona.

Kubwa kuliko zote alimpa Mama Mapalo, dada mkubwa wa marehemu mama yake, aliyemlea kwa kuuza samaki wa Kasenga. Mama akaitundika juu ya televisheni na kuitangaza soko zima. Jumapili ndugu walikuja kutoka Kasenga, na Mwelwa akaitwa ili aonekane.

Mzee Chanda, mmoja wao, aliutafuta mto Luapula unaopita Kasenga, hakuuona. Mahali pake alisimama mtu asiye na kichwa, macho na mdomo vikiwa kifuani. Mzee akauliza ni nani huyo anayekaa kwetu.

Mama Mapalo alikuwa amejiandaa. Akaeleza kwa madaha kwamba Wazungu wale hawakufika huku, wakatudhania hivyo. Mwanawe amewafuata tu. Wageni wakawacheka Wazungu, wakamsifu Mwelwa.

Mwelwa akaiweka soda yake chini. Wazungu hao, pamoja na ujinga wao wote, pale waliacha peupe. Kiumbe hicho walikiweka mbali, pembeni kabisa mwa ramani. Yeye ndiye aliyekileta Kasenga, kwa kuwa wanunuzi hawapendi mahali patupu. Angeweza kunyamaza. Lakini Mama alikuwa anamtabasamia mbele ya watu, na aibu ikamchoma hadi masikioni.

"Mama," akasema, "bale bazungu habakumutia pale. Palikuwa wazi. Ni miye nilimutia."

Mzee Chanda akatazama viatu vyake. Mama Mapalo akapanda kwenye kiti, akaiteremsha ramani taratibu, akamwekea Mwelwa mapajani.

"Bale habakutujua," akasema. "Weye nilikubeba ku mugongo palepale Kasenga. Umupatie kichwa."

Mwelwa aliibeba kwa miguu mpaka kwake, ameigeuzia kifuani. Alipotusalimia njiani, hakuinua macho.