Nywila Chini ya Kofia

Jumamosi nilikuwa kwa fundi wa kompyuta pale Kinondoni, nasubiri chaja yangu. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja na mkewe. Kompyuta yao inatumia Linux, si ule mfumo tuliouzoea wengi, na video zilikuwa zinakwamakwama kwa sababu kadi ya picha haikuwa na draiva yake, yaani programu ya kuiendesha.

"Mzee wangu, weka nywila niingize draiva," fundi alisema, akamgeuzia kioo.

Mzee akabonyeza. Kwenye kioo hakikutokea kitu, hata nukta. Akabonyeza tena kwa nguvu, kama anayeua sisimizi.

"Kibodi imekufa hii."

"Haijafa, mzee. Linux ndivyo ilivyo, inaficha unachoandika."

"Sasa nitajuaje nimeandika nini?"

Fundi akachoka. "Basi nitajie, niandike mie."

Mzee akakohoa. Mkewe akamsaidia: "Si jina langu? Uliniambia mwenyewe."

Akalitaja, fundi akaliandika. Likakataliwa. Akajaribu kwa herufi ndogo. Likakataliwa tena.

Mzee akavua kofia, akavifunika nayo vidole vyake, akaandika taratibu. Ikakubali! Draiva ikaingia, kompyuta ikazimwa na kuwashwa, video ikatiririka bila kukwama.

"Cheki inavyong'aa!" fundi akafurahi peke yake.

Mie mpaka leo nimechanganyikiwa, sijui ilinipasa niwape hongera au pole. Maana mama wa watu hakukitazama kioo hata kidogo. Alikuwa anaitazama ile kofia.