Nilijua Tarehe ya Kwenye Picha Imekosea, Nikanyamaza

Nimekosa, tena nimekosa nikiwa na akili zangu timamu. Sikulewa, sikulazimishwa, wala shetani hakunipitia kama watu wanavyopenda kujitetea. Nilivunja uchumba wa rafiki yangu kwa kamera ndogo ya mtumba, na mpaka leo watu wa Makambako wananisalimia vizuri.

Jina langu liacheni. Yeye nitamwita Faraja, ingawa siyo jina lake.

Mimi naye tulikuwa na kibanda cha picha karibu na stendi. Picha za paspoti, za ubatizo, za kipaimara, za harusi. Mtaniambia siku hizi kila mtu ana simu. Ni kweli, lakini picha ya simu inakaa kwenye simu mpaka simu iibiwe, na mama ambaye mtoto wake amepata kipaimara anataka picha ya kutundika sebuleni. Halafu na hawa vijana wa sasa wamezipenda tena kamera ndogo, eti picha zake zina utamu wa zamani. Kazi ilikuwepo.

Kamera zetu tulizinunua siku moja, kwenye rundo moja la mitumba mnadani. Zilizowaka zilikuwa mbili tu. Moja ya kijivu, inang'aa, haina hata mkwaruzo. Nyingine nyeusi, imechubuka kona zote, kamba yake imekatika ikafungwa fundo. Faraja akasema, "Dada, wewe ndiye mkubwa, chagua." Nikachagua ya kijivu. Kumbukeni hilo jamani, mimi ndiye niliyechagua!

Wiki haikuisha nikajua nimejipiga mwenyewe. Ya kwangu ilikula betri za kawaida, zile mbili za tochi ndogo, na kwa baridi ya Njombe zilikufa kabla mchungaji hajamaliza mahubiri. Ya kwake ilikuwa ya kuchaji, ilikaa ibada nzima na sherehe yake. Ndani ya kanisa ya kwangu ilikuwa lazima iwashe flashi, na ikiwasha, mapaji ya watu yanang'aa, macho yanakuwa mekundu, nyuma yao giza tupu. Ile nyeusi ilipiga bila flashi, ikavuta karibu, na ngozi ya mtu ikabaki ngozi yake.

Ya kwangu ilikuwa na kitu kimoja tu ambacho yake haikuwa nacho. Ilichapa tarehe kwenye picha, namba za rangi ya chungwa, kona ya chini. Ya Faraja nayo iliijua tarehe, ukitazama kwenye kioo chake unaiona, ila haikuitoa kwenye karatasi. Basi nikawa najisifia tarehe. Mtu mzima na heshima zangu, nilijisifia tarehe!

Siku moja baada ya ibada ya kipaimara mama mmoja alinirudishia picha zangu pale nje, watu wamejaa. "Binti, mwanangu umemfanya kama kapakwa mafuta ya kula. Niitie yule mwenzio."

Faraja hakucheka. Angecheka labda ningemsamehe. Alinishika mkono akasema, "Ni kamera tu, dada, siyo wewe." Loo, maneno yale yaliniuma kuliko ya yule mama.

Mwezi wa sita, tarehe kumi na mbili, tukaenda Lupembe kuzilinganisha kamera zetu vizuri. Lilikuwa wazo lake. Tulikubaliana kila kitu tukipige mara mbili, mara moja kwa yake na mara moja kwa yangu, tujue kila moja inafaa kwa kazi gani. Tukapiga wachuma chai kwenye ukungu, tukapiga vikapu, tukapiga lori la kubeba majani.

Betri zangu zilikufa palepale shambani. Nikaweka mpya, kamera ikaniuliza tarehe, kama kawaida yake kila ikitolewa betri. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Nikabonyeza mwezi wa saba badala ya wa sita. Faraja aliona akaangua kicheko. "Kamera yako imeshafika mwezi ujao, sisi imetuacha huku!" Nikasema nitarekebisha jioni. Na jioni nilirekebisha.

Sasa, dereva wa lori lile alikuwa mtu wa Faraja wa siku nyingi. Wakati huo walikuwa wanaachana. Faraja alikuwa amepata mchumba, mwalimu wa upande wa Wanging'ombe, posa iko njiani, na alitaka yule dereva asikie kwa kinywa chake mwenyewe, si kwa watu. Kijana akalia. Faraja akamkumbatia, wakasimama hivyo kando ya lori. Nikapiga kwa kamera yangu, nikapiga na kwa yake. "Dada, na hili nalo unapiga?" akaniuliza huku anafuta machozi, na tukacheka wote watatu.

Mwisho wa mwezi ule posa ikaletwa, ikapokelewa. Picha nilipiga mimi.

Baadaye tulikuwa tunamenya viazi kwao, mimi, yeye na mama yake. Akasema, "Dada, harusi yangu utapiga wewe. Ila utapiga na kamera yangu, eeh? Ile yako hapana, nisije nikatoka na macho mekundu." Akacheka. Mama yake naye akacheka. Mimi pia nilicheka, nikaendelea kumenya.

Ni hilo tu, jamani! Hakunitukana. Hakuninyang'anya kitu. Alisema ukweli kuhusu kamera, na mimi nikatoka pale nimeshamchukia.

Mwezi wa nane matangazo ya ndoa yakaanza kusomwa kanisani. Kwetu yanasomwa Jumapili tatu, mwenye pingamizi aseme. Likasomwa la kwanza, likasomwa la pili. Wiki hiyo nilikuwa napanga picha za posa alizoagiza shangazi wa mwalimu, yule anayekaa Yakobi, ndiye aliyemlea. Kati ya picha zilizomo kwenye kamera yangu nikaiona ile ya Lupembe. Faraja kifuani kwa dereva, na pale kona ya chini, rangi ya chungwa, tarehe kumi na mbili mwezi wa saba. Yaani wiki mbili baada ya posa kupokelewa.

Nilikaa nayo mkononi. Nilijua ni uongo kwa sababu niliubonyeza mimi. Nikaenda studio kuisafisha, itoke kwenye karatasi.

Halafu nikaiazima kamera ya Faraja, nikasema nataka kupiga maua ya mteja. Nikafuta picha zote alizokuwemo na yule dereva, moja baada ya nyingine. Kamera inakuuliza kila mara kama una uhakika. Nilikuwa na uhakika.

Kesho yake nikaenda Yakobi na bahasha.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Karibu, sogea kwenye moto."

Akavaa miwani, akaanza kutazama picha za posa, anatabasamu, anataja watu kwa majina. Ile nilikuwa nimeiweka ya mwisho. Alipoifikia akaisogeza karibu na miwani.

"Na hii?"

"Yesu wangu!" nikasema. "Mama, hiyo imeingia kwa makosa. Naomba nirudishie." Nikanyoosha mkono, ila sikuunyoosha sana.

Yule mama akaweka kidole juu ya tarehe, akaisoma mara mbili kwa sauti. Kisha akaniuliza kama nimeshakula.

Siku mbili baadaye wazee wa pande zote wakakaa kwa baba yake Faraja. Alikuwepo mzee wa kanisa, alikuwepo mwalimu mwenyewe, amekaa mlangoni anatazama viatu vyake. Nami niliitwa, kwa sababu picha ni ya kwangu.

Faraja hakuogopa hata kidogo! Alidhani ni jambo la dakika mbili. "Wazee wangu, hii ni ya mwezi wa sita, kabla ya posa. Kamera ya dada ilikosea mwezi. Picha hii hii ipo kwenye kamera yangu, na kwangu tarehe ni ya kweli. Tazameni."

Akawasha ile nyeusi. Akabonyeza kurudi nyuma. Wachuma chai wakapita, vikapu vikapita, lori likapita peke yake. Akabonyeza tena. Akarudia kutoka mwanzo. 

"Ilikuwepo," akasema.

Shangazi akaichukua kamera, akatazama tarehe ya lile lori. "Kwa hiyo mwezi wa sita ulikwenda Lupembe. Na mwezi wa saba ukarudi tena kwa huyo mwanaume wako."

"Hapana, shangazi! Tarehe kumi na mbili mwezi wa saba nilikuwa kibandani kutwa, na dada huyu hapa. Kadi yangu ilikuwa imepelekwa studio, nikampa abiria mmoja kamera atupige wawili tujaribu zoom. Picha haikuhifadhiwa kwa sababu kadi haikuwemo, lakini dada anajua. Dada, waambie."

"Picha ambayo haipo, tena," akasema baba mdogo wa mwalimu. "Na huyo dereva wake tukimwita, atamtetea tu."

Mzee wa kanisa akanigeukia. "Binti, kamera yako huwa inakosea tarehe?"

"Haijawahi."

"Na siku hiyo anayoisema, mlikuwa naye?"

Nilikumbuka kila kitu. Nilikumbuka mpaka sweta aliyovaa yule abiria. Faraja alikuwa ananitazama, na usoni mwake hapakuwa na wasiwasi juu yangu hata chembe. Ndiyo kwanza alikuwa amepumua, maana sasa ninaulizwa mimi.

"Sikumbuki," nikasema.

Basi. Neno moja. Mama yake akajifunika kanga usoni. Mwalimu akasimama akatoka bila kuaga.

Jumapili ya tatu mchungaji akasoma matangazo ya ndoa nyingine mbili, akafunga daftari. Watu wote wakageuka kutazama kwaya. Faraja alikuwa kule, sauti ya kwanza, na wimbo uliofuata ulikuwa wao. Akasimama akaimba. Mimi nilikuwa kiti cha pili, nimepiga magoti ya moyo nikimwomba Mungu asinitazame.

Wiki haikuisha akaja kibandani na begi. Akaweka ile nyeusi juu ya meza, na chaja yake, ameizungushia waya vizuri kama kawaida yake.

"Chukua, dada. Nilikuwa nikupe siku ya harusi."

Akapanda basi la Mbeya. Namba yake haipatikani tena. Mama yake akinikuta sokoni ananishika mkono na kuniuliza, "Rafiki yako hajakupigia?" Ananiuliza mimi!

Mnafikiri nimemaliza? Sijamaliza.

Mwaka uliofuata mwalimu akapata mchumba mwingine, na shangazi akatuma mtu kuniita. Alitaka nipige harusi. "Yule binti mkweli," alisema, "mtu asiyeficha." Nikakubali. Nikaenda na kamera ya Faraja, maana ya kwangu isingeweza ndani ya kanisa.

Ilipiga vizuri! Mwanga wa dirishani, shela, machozi ya shangazi, vyote vilitoka safi. Kabla ya pete kadi ikajaa. Nikaitoa haraka, na nikiwa natafuta nyingine mfukoni kidole kikagusa kitufe cha kutazama picha.

Kumbe kamera ile ina nafasi ndogo ndani yake ya kuhifadhi picha hata bila kadi. Faraja hakujua. Mimi sikujua. Picha ilikuwa moja tu. Ni mimi na Faraja mbele ya kibanda, amenilalia begani, mimi nimefumba macho kwa kucheka, na basi nyuma yetu. Tarehe kumi na mbili, mwezi wa saba.

Ilikuwepo siku ile ya wazee. Ilikuwa mkononi mwa shangazi!

Mchungaji akaanza kuuliza maswali ya ndoa. Akasema mwenye pingamizi aseme sasa. Mwalimu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, angeweza kukiona kioo kama ningegeuza mkono kidogo tu. Nikaweka kadi mpya, picha ikapotea kwenye kioo, na nikapiga pete ikiingia kidoleni. Wanasema ndiyo picha bora niliyowahi kupiga.

Sijaolewa. Jikoni kwa mama Faraja siingii tena, kile kiti changu cha kumenyea viazi nakikimbia mwenyewe. Kazi ninayo, sifa ninazo, na sina mtu hata mmoja wa kucheka naye kibandani. Ile ya kijivu nimeitupa chooni.

Nawaonya ninyi mnaosoma hapa, hasa wanawake wenzangu mnaofanya kazi wawili wawili. Ukiona kitu cha mwenzako kinakuzidi, mwambie kwa mdomo wako, "Chako kizuri, nakionea wivu." Mwambie siku hiyohiyo, mcheke yaishe. Mimi nilinyamaza nikaenda kusafisha picha.

Na wewe Faraja, ukisoma utajijua. Picha ile ipo, sijaifuta. Sijamwonyesha mtu pia. Mara mbili nimefika mpaka getini kwa shangazi kule Yakobi na kamera mfukoni, na mara zote mbili ametoka na uso wa furaha akaniambia, "Karibu binti mkweli," nami nikasema nilikuwa napita tu.