Maji ya Buluu Chumbani kwa Nyogokuru

Nakumbuka ukungu kwanza, mwanangu. Asubuhi za Ndera wakati ule ukungu ulilala juu ya mashamba ya mahindi hadi saa tatu, na mimi, kijana niliyevuka mpaka kutoka Bujumbura na mkoba wa vifaa begani, niliupita juu ya pikipiki nikijiona fundi bomba asiye na mfano. Sasa nasikia kesho unaanza kazi kwenye nyumba ya watu Nyarutarama, vyoo vinne. Kaa kidogo hapa. Nataka kukusimulia habari ya mpira mmoja wa choo ulioniaibisha, ambao hata leo nikisinzia mchana nauona.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama mmoja tuliyemwita Mama Solange. Aliishi na mumewe na mama mkwe wake, kikongwe mwembamba, mpole, ambaye kila mtu alimwita Nyogokuru, yaani bibi. Chumba chake kilipakana na choo. Siku zote nilizofanya kazi pale alikaa mlangoni akiimba polepole wimbo usio na maneno, na mimi nikawa natandaza vigae kwa mwendo wa wimbo ule. Wakati mwingine nilisahau niko Ndera. Nilijiona niko kwetu Buyenzi, kwa bibi yangu mwenyewe, namsikia akipepeta mchele.

Nisamehe, nimetangatanga. Turudi kwenye mpira.

Unajua kati ya choo cha kukaa na mdomo wa bomba la sakafuni hukaa mpira mnene wa mviringo, ndio unaozuia maji yasitoroke. Mimi niliununua kwenye maduka ya Sonatubes siku ya kwanza, kabla sijatandaza kigae hata kimoja. Haraka za ujana. Vigae vilipokaa, sakafu ikapanda unene wa kidole, mdomo wa bomba ukabaki chini, na mpira wangu ukawa mwembamba mno. Nilipoweka choo, kikacheza kidogo. Nilijua, mwanangu. Sitakudanganya kwamba sikujua. Lakini mvua ilikuwa inanyesha, Sonatubes ni mbali, na Mama Solange alikuwa amesimama nyuma yangu anasifu.

"Fundi, hii choo iko muzuri! Iko sawa kabisa?"

"Iko sawa kabisa, Mama."

Nikachanganya simenti nyeupe, nikaziba kitako chote kuzunguka, pasibaki hata upenyo wa sindano. Choo kikatulia. Kikapendeza kweli.

Baada ya mwezi niliitwa tena, safari hii kufunga sinki la jikoni. Nilipoingia uani nikaona godoro limeanikwa juani, na Nyogokuru ameketi kando yake peke yake, haimbi. Mama Solange akanivuta pembeni.

"Nyogokuru amezeeka, fundi. Anakojoa chini, chumba yote inanuka. Tukimuuliza anasema hapana, si yeye. Sasa anakataa hata kunywa maji. Mzee wangu anasema tumupeleke kwa daktari wa kichwa."

Nikaenda kutazama. Unyevu ulikuwa umejipanga chini ya ukuta, upande ule ule wa choo. Hapo nikaelewa. Kila walipovuta maji, yalipenya pembeni mwa mpira wangu. Simenti yangu ilikuwa imeyazibia njia ya kutokea mbele ya watu, basi yakapita chini ya vigae hadi chumba cha kikongwe, ambacho sakafu yake ilikuwa chini kidogo.

Na unajua nilifanya nini? Nilifunga sinki. Nikawaza, nitarudi kesho nijifanye nakagua, nibadilishe mpira kimya kimya, harufu itakwisha, nao watasema bibi amepona. Niliuona mpango mzuri kabisa, nikakusanya vifaa vyangu. Nilipokuwa natoka, Nyogokuru akanishika mkono.

"Mwana wanjye," akaniambia, yaani mwanangu, "wewe umetembea sana. Mutu anaweza kukojoa na hajui?"

Alikuwa ameanza kuwaamini wale waliosema ni yeye. Hilo ndilo lililonivunja. Nilipanda pikipiki hadi Sonatubes, nikanunua mpira mnene, na duka la pili nikanunua pakiti ya buluu ya kufulia. Safari ile naikumbuka nusu nusu: vilima vinapita, harufu ya mikaratusi iliyolowa, na midomo yangu inajaribu maneno ambayo sikuwahi kuyasema maishani. Niliogopa sana.

Niliporudi niliwaita wote. Nikamwaga buluu chooni, nikamwomba Nyogokuru avute maji kwa mkono wake mwenyewe. Akavuta. Tangi likajaa, nikaongeza buluu, akavuta tena. Kisha tukaingia chumbani mwake, tukakaa tunautazama ukuta. Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani, na sijui tulikaa muda gani. Mwishowe pale chini likatokea doa dogo la buluu. Likakua, likaanza kutambaa taratibu kuelekea miguuni pake.

"Ni mimi," nikasema. "Niliweka mpira usiofaa, na nilijua. Nyogokuru hajawahi kukojoa chini."

Mama Solange alijifunika uso kwa kitenge. Nyogokuru akainama, akagusa yale maji, akakitazama kidole chake kwa muda mrefu.

"Munipe chai," akasema. "Kikombe kikubwa."

Jioni ile ile nilivunja simenti, nikaweka mpira mnene. Basi kesho, mwanangu, pima baada ya vigae kukaa, siyo kabla. Mdomo wa bomba ukiwa chini, tafuta mpira mnene, na usirudishe wa zamani hata mwenye nyumba akikubembeleza. Safisha mdomo wa bomba, ukaushe. Teremsha choo wima, mara moja, ukikalie kwa uzito wako. Ukilazimika kukinyanyua tena, weka mpira mwingine. Vuta maji mara nyingi, usubiri, ndipo uzibe. Na hata ukiziba, acha upenyo kwa nyuma, ili maji yakitoroka yatoke hadharani, yasiende kumsingizia mtu.

Utakosea, hilo halina shaka. Lakini ukikuta mtu amebebeshwa kosa lako, usilitengeneze kimya kimya. Lichukue mbele ya wale wale waliomtazama vibaya. Ni vigumu, na mimi nusura nishindwe.

Nami sasa nimezeeka. Maji yakionekana chini ya kiti changu, wajukuu hunitazama mimi kwanza, nami nacheka, namkumbuka yule bibi. Haya, nenda ukalale mapema. Mungu akupe mikono isiyo na haraka, na siku utakapozeeka akupe watu watakaotafuta maji yanatoka wapi kabla hawajakutazama wewe.