Bakuli la Maua ya Bluu

Mtaani kwetu Gongoni hakuna aliyerudisha chombo cha jirani kikiwa kitupu. Ukiletewa mihogo, bakuli linarudi na karanga. Ukikosa vyote, hata chumvi. Wahindi wa duka la khanga waliishi nyuma ya nyumba yetu na walilijua hilo kama sisi. Binti yao alikuwa shoga yangu tangu tunang'oka meno ya utoto.

Miaka ile ya Ujamaa kila mtu aliitwa ndugu, na huku watu wakinong'ona kwamba Wahindi wanaondoka. Jumamosi moja shoga yangu alikuja kwetu kula ugali kwa mlenda na uyoga, nikamuuliza bila kuzunguka.

"Twende wapi?" akasema. "Mimi nimezaliwa hapa."

Nikamwamini. Jumapili nikaenda naye Kwihara kwenye ngoma ya manyanga nikiwa na moyo mweupe. Alijitosa katikati ya wachezaji, akayatikisa manyanga ovyo mpaka wanawake wa Kinyamwezi wakamtania kwamba haondoki tena, wamemposa. Alicheka hadi machozi. Leo najiuliza yalikuwa machozi ya nini, na swali lenyewe linanikera.

Jioni mama yake alitujazia bagia kwenye bakuli la kauri lenye maua ya bluu. Shoga yangu akanisindikiza hadi mlangoni kwetu.

"Hili kaeni nalo," akasema. "Msirudishe."

Nikamtania kwamba ukarimu umemzidi. Akanibana mkono, akaondoka.

Asubuhi nilimsimulia mama huku nikimalizia bagia zilizobaki. Mama akaacha kufagia. "Amekwambia tusirudishe?" Hakungoja jibu. Alilisuuza bakuli, akalijaza asali yote tuliyokuwa nayo, akaniambia nikimbie.

Duka lilikuwa na kufuli. Fundi cherehani wa pale barazani alisema wamepanda treni alfajiri, wote, na hakuinua macho kutoka kwenye mshono wake.

Watu huniambia aliogopa, alikatazwa na baba yake, nisimhukumu. Nimhukumu nani, basi? Siku mbili alikula nami, akacheza nami, akanidanganya machoni, na neno la kuagana akalificha ndani ya bagia. Mama, ambaye hakuwa shoga yake, alilielewa papo hapo. Mimi nililila.

Nilirudi na bakuli limejaa, asali ikinichuruzika kiganjani. Mama alinifungulia mlango, akalitazama, kisha akachukua ufagio wake.